Je, simuleta inatosha kumtayarisha mwongozaji wa mashambulizi ya anga?

Mwanzisha mada

Ndugu wanajukwaa,

Naomba mawazo ya wale waliowahi kufundisha, kufundishwa au kutengeneza mitambo ya mafunzo ya waongozaji wa mashambulizi ya anga, yaani askari wanaofuatana na vikosi vya ardhini na kuwaelekeza marubani mahali pa kupiga wakati adui yuko karibu na askari wetu wenyewe. Katika majeshi ya Marekani na ya nchi nyingi za NATO mtu huyu hujulikana kwa kifupi cha JTAC. Nimekabidhiwa kazi ya kupendekeza ni sehemu gani ya mafunzo yao ifanyike ndani ya simuleta, yaani mtambo wa kuigiza hali halisi, na ni sehemu gani ibaki kwenye uwanja wa mabomu pamoja na ndege halisi, na kila ninayemuuliza ananipa jibu lililo kinyume na la mwenzake.

Kilichonisukuma kuandika ni mwanafunzi mmoja niliyemfuatilia kwa karibu. Ndani ya simuleta alikuwa hodari kupita wenzake wote. Aliongea kwa utulivu, alisoma ramani bila kubabaika, na mabomu yake ya kuigiza yaliangukia pale alipokusudia. Siku ya kwanza alipopewa ndege halisi, rubani alimwita redioni na kuripoti kwamba yuko tayari kupokea maelezo, naye mwanafunzi akanyamaza. Alikuwa ameshika karatasi mkononi, mistari yote tisa ya maelezo ya shambulio imejaa kwa mwandiko safi, hakuna hata mmoja uliokosekana. Nilihesabu sekunde 14 kabla hajafungua kinywa, na alipofungua alianzia mstari wa tano.

Sasa nataka kujua kosa lilikuwa wapi. Je, simuleta ilimdanganya, au sisi ndio tulioitumia vibaya? Je, ubora wa picha una uzito kiasi gani, kwa kuwa wauzaji wote wanaotujia huanza na kumalizia kwa picha? Na je, kuna kipimo kinachokubalika cha mazoezi mangapi ya simuleta yanayoweza kushika nafasi ya mazoezi ya ndege halisi?

Mkufunzi wa Kuba

Mkuu, nimefundisha kazi hii kwa miaka kadhaa, ndani ya kuba la simuleta, yaani chumba cha mviringo ambacho picha huonyeshwa kwenye kuta zake, na nje uwanjani, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyashuhudia mwenyewe.

Jambo la kwanza ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni kwamba kazi hii ni ya maneno kabla ya kuwa ya macho. Mwongozaji hampigi adui. Anamweleza mtu mwingine, aliye mbali na anayekwenda kwa kasi kubwa, jinsi ya kumpiga adui bila kutugusa sisi. Ndiyo maana maelezo ya shambulio yamepangwa katika mistari tisa isiyobadilika mpangilio: mahali pa kuanzia, uelekeo, umbali, mwinuko wa shabaha, shabaha ni kitu gani, iko wapi, imewekewa alama ya aina gani, askari wetu wako wapi, na rubani aondokee upande upi. Mistari hiyo husomwa mitatu mitatu, kwa sababu rubani anaandika huku anaendesha ndege. Vipimo havitajwi kwa sababu pande zote mbili zinavijua tayari: uelekeo ni kwa nyuzi za dira, umbali ni kwa maili za majini, mwinuko ni kwa futi juu ya usawa wa bahari. Baada ya hapo rubani hana budi kurudia mwinuko, mahali pa shabaha na masharti yote aliyowekewa, na mwongozaji hana budi kusikiliza.

Kusikiliza huko ndiko ninakokuona kukifa mbele ya macho yangu. Ninapoigiza rubani, wakati mwingine narudia viwianishi vya shabaha, yaani tarakimu za mahali ilipo, huku nimebadilisha tarakimu moja kwa makusudi. Mwanafunzi huwa anapitisha ncha ya kalamu chini ya kila tarakimu aliyoiandika. Kalamu inafika kwenye 7, mimi natamka 1, na kalamu inaendelea na safari yake. Kisha nasikia sauti yenye kujiamini ikiniambia kwamba nimerudia sawasawa. Amesikia kile alichotarajia kusikia. Ndani ya simuleta naliacha bomu lianguke, tunatazama pamoja lilipoangukia, halafu narudisha nyuma rekodi ili ajisikie mwenyewe akithibitisha kosa. Hakuna maelezo yangu yoyote ya darasani yanayomwingia mtu kama zile sekunde chache za kusikia sauti yake mwenyewe.

Uwanjani siwezi kufanya hivyo. Hakuna kamanda atakayeniruhusu nimweke rubani halisi atoe makosa kwa makusudi huku bomu halisi likining'inia chini ya bawa. Hapo ndipo simuleta inaposhinda: ni mahali pekee ambapo mambo yanaweza kuharibika kabisa na jioni kila mtu akarudi nyumbani.

Nitatoa mfano ambao kila mwanafunzi wangu ameufanyia zoezi. Tarehe 5 Desemba 2001, kaskazini ya Kandahar nchini Afghanistan, bomu la kuongozwa kwa setilaiti lenye uzito wa ratili 2,000, karibu kilo 900, lililodondoshwa na ndege ya B-52, liliangukia kikosi chenyewe kilichokuwa kimeliomba. Askari watatu wa Marekani walikufa pamoja na wapiganaji Waafghani waliokuwa upande wao, na Hamid Karzai, ambaye siku hiyohiyo alikuwa ameteuliwa kuongoza serikali ya mpito, alijeruhiwa kidogo. Kwa maelezo yaliyotoka baadaye, betri ya kifaa cha kupimia mahali ilibadilishwa katikati ya kazi, na kifaa kilipowaka upya kilionyesha viwianishi vya mahali kilipokuwa chenyewe, wala si vya shabaha. Viwianishi hivyo ndivyo vilivyotumwa kwa ndege.

Zoezi langu ni rahisi sana. Betri inakufa wakati mbaya, mwanafunzi anabadilisha, tarakimu zinatokea kwenye kioo, na rubani anaziomba kwa haraka. Ninachokitafuta ni kama ataiweka tarakimu hiyo kwenye ramani ya karatasi kabla ya kuitamka. Picha ya mlima inayong'aa haina mchango wowote hapo. Unahitaji kifaa cha kuigiza kinachoharibika kwa namna ileile kinavyoharibika kile halisi.

Kuhusu mwanafunzi wako, nina swali moja kabla sijasema zaidi: ni nani aliyekuwa akiigiza rubani wakati wa mazoezi yake ya simuleta?

Fundi Mitambo

Nakubaliana na mkufunzi kuhusu maneno, lakini kwa heshima zote siwezi kukubali kwamba picha haina mchango. Nimefanya kazi ya kuunganisha mitambo hii na kuitunza, na nimeona makosa ya picha yakifundisha uongo ambao mwanafunzi hawezi kuutambua kwa sababu hana ndege halisi ya kulinganisha.

Chukua suala la kuiona ndege. Kuna aina tatu za udhibiti. Katika aina ya kwanza, mwongozaji lazima aione kwa macho yake ndege inayoshambulia pamoja na shabaha yenyewe, ili ahukumu kama pua ya ndege imeelekea panapostahili kabla ya kutoa ruhusa ya kuachia silaha. Katika aina ya pili anaruhusu kila shambulio moja moja bila kulazimika kuona vyote viwili, na katika ya tatu anamruhusu rubani kufanya mashambulizi kadhaa ndani ya masharti aliyowekewa. Sasa piga hesabu. Ndege ya A-10 ina mabawa yenye upana wa mita 17.5. Ikiwa umbali wa maili 5 za majini, yaani mita 9,260, upana huo wote unachukua kama dakika sita na nusu za pembe machoni pa mtazamaji, pale nyuzi moja inapogawanywa dakika 60. Jicho zima hutenganisha vitu hadi karibu dakika moja. Kama nukta moja ya picha kwenye kuba lako ina ukubwa wa dakika 3, basi A-10 nzima ni nukta mbili, na F-16, yenye mabawa ya mita 10 hivi, ni nukta moja inayowaka na kuzimika. Baadhi ya mitambo hulitatua tatizo hili kwa kuikuza ndege kuliko ukubwa wake wa kweli. Mwanafunzi anafurahi, anaiona mapema kila mara, kisha anakwenda uwanjani na kuitafuta angani mpaka shingo inamuuma.

Ndiyo maana mitambo haithibitishwi kwa jumla. Inathibitishwa kwa aina ya udhibiti, kwa mchana au usiku, na kwa vifaa maalumu kama kielekezi cha leza. Muuzaji akikwambia kwamba mtambo wake umeidhinishwa, mwulize umeidhinishwa kwa kazi ipi hasa, na usiridhike na cheti cha ukurasa mmoja.

Jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni vihisi, yaani vyombo vya kuonea vya ndege. Tarehe 9 Juni 2014, katika mkoa wa Zabul nchini Afghanistan, ndege ya B-1B ilidondosha mabomu juu ya askari wa upande wake usiku. Wamarekani watano na Mwafghani mmoja waliuawa. Uchunguzi wa jeshi la Marekani ulibaini, pamoja na makosa mengine, kwamba taa za infraredi, yaani za mwanga usioonekana kwa macho matupu, walizovaa askari wale haziwezi kuonekana kwa kihisi cha kulengea kilichofungwa kwenye ndege hiyo, na kwamba watu waliokuwa wakitegemea kihisi hicho kuwatofautisha rafiki na adui hawakulielewa hilo. Taa ile huonekana kwa miwani ya kuonea usiku. Kihisi cha joto hufanya kazi kwenye sehemu nyingine ya infraredi, ambako taa ile haipo kabisa.

Sasa fikiria simuleta ambayo mwandishi wa programu, kwa nia njema, ameamua kwamba kila kitu cha infraredi kionekane kwenye kila kioo cha infraredi. Mwanafunzi atafanya zoezi la usiku mara 20, na mara zote 20 rubani wa kuigiza atamwambia kwamba ameziona taa za askari wetu. Hapo umemfundisha imani ambayo siku moja itaua watu. Kila ninapopokea programu mpya, jaribio langu la kwanza ni hilo: naweka taa moja gizani, natazama kwa miwani, kisha natazama kwa kihisi cha joto. Ikionekana kote, naurudisha mtambo kwa waliouleta.

La tatu ni ardhi yenyewe. Siku hizi kuba la mwongozaji huunganishwa na simuleta ya ndege iliyo mbali kwa kutumia viwango vya mawasiliano vinavyoitwa DIS na HLA, na mara nyingi mitambo hiyo miwili imejengwa na watu tofauti kwa data tofauti za ardhi. Niliwahi kukaa nusu siku nikiwasikiliza mwongozaji na rubani wakibishana kuhusu mti mmoja. Mwongozaji alikuwa akiuona mti mkubwa mashariki ya kivuko, na rubani akiapa kwamba hakuna mti. Wote wawili walikuwa wakweli, kwa sababu mti ulikuwepo kwenye data ya mmoja na haukuwepo kwenye data ya mwenzake. Mti unaonekana, kwa hiyo watu hubishana na tatizo likajulikana. Mwinuko haubishaniwi: mtambo mmoja ukiiweka shabaha mita 30 juu zaidi ya mwenzake, na bomu likashuka kwa pembe ya nyuzi 45, litakosea kwa mita 30 mlalo, na lawama zote atatupiwa mwanafunzi.

Rubani Mstaafu

Naomba niongeze yaliyo upande wa pili wa redio.

Rubani haoni kile anachokiona mwongozaji. Aliye ardhini anaona ukuta mbele yake, mlango, dirisha, na moshi unaotoka nyuma ya nyumba. Mimi niliye juu naona mapaa mengi yanayofanana, barabara mbili zinazopishana, na mto. Mwongozaji mchanga huanza na kile kilicho mbele ya macho yake: ananiambia nitafute nyumba yenye mlango wa buluu. Milango haionekani kutoka futi 15,000. Yule aliyepikwa vizuri huanza na kitu kikubwa ambacho hakuna anayeweza kukikosa, akahakikisha nimekiona, kisha akashuka kidogo kidogo: daraja, kisha barabara inayotoka darajani kwenda kaskazini, kisha njia panda ya pili, kisha jengo refu kuliko yote katika pembe ya kusini-magharibi. Baadaye ananipa kipimo, kwamba urefu wa daraja lile uwe ndiyo fimbo yetu ya kupimia, na kutoka njia panda nisogee madaraja mawili kuelekea magharibi.

Hili linafundishika ndani ya simuleta, tena vizuri mno, kwa sharti moja: mwanafunzi akalishwe kwenye kiti cha rubani. Mpe saa mbili za kutazama ardhi ileile kwa kioo kidogo cha kihisi, huku mwenzake akimwelekeza kutoka chini. Nimewaona watu waliokuwa wagumu kuelekezeka wakibadilika ndani ya siku moja kwa sababu tu wameonja jinsi inavyokera kuambiwa utazame mlango wa buluu.

Kwa sekunde 14 za mwanafunzi wako, Mwanzisha mada, nina neno la kumtetea. Ndege inayokwenda kwa noti 450, yaani maili 450 za majini kwa saa, hukata mita 231 kwa sekunde, hivyo katika ukimya ule ilisafiri zaidi ya kilomita 3. Inasikika kama janga. Lakini wakati ule ndege ilikuwa ikizunguka mahali pa kusubiri, na rubani aliyesubiri sekunde 14 hajapoteza chochote zaidi ya mafuta kidogo. Mimi binafsi nilipendelea mwongozaji anayenyamaza akafikiri kuliko yule anayemimina maneno ili redio isikae kimya. Ukimya unaoogopesha ni ule wa baada ya ndege kugeuka na kuingia kwenye shambulio. Kutoka maili 10 za majini kwa kasi hiyo una sekunde 80 tu, na ndani ya hizo lazima mwongozaji aamue, aruhusu au asitishe. Kwa hiyo usimhukumu kwa ukimya wa kwanza. Mhukumu kwa kuanzia mstari wa tano, kwa maana hapo ndipo alipoachana na mpangilio.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana, na naomba mniwie radhi kwa kuchelewa kurudi.

Mkufunzi, swali lako limenifanya nikafungue kumbukumbu za mafunzo. Katika mazoezi yote ya simuleta ya mwanafunzi yule, rubani aliigizwa na mkufunzi mmoja tu, aliyekuwa akikaa chumba cha pili, na ambaye kwa desturi humwambia mwanafunzi, kabla ya kubonyeza redio, kwamba sasa tunaanza. Sikuwahi kuliona hilo kuwa tatizo mpaka uliponiuliza. Siku ya ndege halisi hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba tunaanza, na sauti iliyomwita ilikuwa ngeni, ya haraka, ikipita kwenye barakoa ya oksijeni.

Bado naomba msaada kuhusu idadi, kwa sababu wakubwa wangu watanidai tarakimu.

Mkufunzi wa Kuba

Nilikuwa nalishuku hilo. Mwanafunzi huzoea pumzi za mkufunzi wake, akajua ni lini ataulizwa na hata ni lini atawekewa mtego. Sisi tulibadilisha utaratibu: anayeigiza rubani hubadilika kila siku, haruhusiwi kukutana na mwanafunzi kabla ya zoezi, na ndege inaingia redioni wakati wowote, hata mwanafunzi akiwa bado anakunja ramani. Inapowezekana tunaiunganisha simuleta yetu na ya marubani halisi walio mafunzoni, kwa sababu nao wanahitaji mwongozaji wa kufanya naye kazi.

Kuhusu idadi, mwafaka wa mafunzo unaotumiwa na Marekani na washirika wake unataka mwanafunzi afanye si chini ya uongozaji 12 kabla ya kupewa sifa, na baada ya hapo afanye 6 kila miezi sita ili sifa yake iendelee kuwa hai. Ndani ya hesabu hiyo yako masharti ya usiku, ya kutumia leza na ya silaha halisi. Simuleta iliyoidhinishwa inaruhusiwa kushika nafasi ya baadhi ya mazoezi hayo, si yote. Upande wa NATO, viwango vya chini vya sifa vimewekwa katika makubaliano ya STANAG 3797, na nakushauri uwapelekee wakubwa wako toleo linalotumika sasa badala ya muhtasari wa mtu mwingine, kwa maana masharti haya hurekebishwa mara kwa mara.

Lakini nikuombe usiifanye tarakimu kuwa ndiyo pendekezo lako. Mazoezi 12 ni ya kumfikisha mtu mlangoni. Mwanafunzi wangu wa wastani, kabla ya ndege ya kwanza halisi, huwa amekwisha kufanya mazoezi mengi zaidi ya hayo ndani ya kuba, na hakuna hata moja lililoandikwa kwenye hesabu ya sifa. Simuleta ninayoithamini ni ile inayotumika kabla ya hesabu kuanza. Zile zinazotumika kupunguza hesabu, mara nyingi sababu yake ni bajeti.

Askari wa Ardhini

Nimefanya kazi hii vitani, na nimesoma mada nzima kwa makini. Nakubaliana na mengi, ila naona wote mmezungumzia redio moja.

Mwongozaji huwa na redio mbili, na wakati mwingine tatu. Huku rubani anamsubiri, huku kamanda wa kikosi anamwuliza ndege itapiga lini, na kwenye masafa mengine mizinga inataka kufyatua kupitia anga ileile ambayo ndege itapita. Kabla hujamruhusu rubani, lazima ujue makombora ya mizinga yanapita urefu gani na yatasimama lini, na lazima kamanda wa ardhini awe amekubali shambulio lifanyike, kwa sababu askari walio karibu na shabaha ni wake. Niliyoyapitia mimi mafunzoni yalikuwa kuba safi, lenye kiyoyozi, kiti kizuri na redio moja inayosikika kama mtu amekaa kando yangu. Siku nilipofanya kazi ya kweli nilikuwa nimelala kifudifudi, nimebana kipaza sauti kwa shavu, na karatasi yangu ya mistari tisa ilikuwa imelowa jasho kiasi kwamba mstari wa nne haukusomeka. Niliusoma mwinuko kutoka kwenye ramani upya, na nikaukuta umechapishwa kwa mita. Nilichokaribia kukitamka kilikuwa 300, wakati ilitakiwa niseme karibu 984. Aliyeniokoa ni rubani, aliyeuliza kwa upole kama nina uhakika, kwa sababu ardhi aliyokuwa akiiona kwenye vyombo vyake ilikuwa juu zaidi ya hapo.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwandaaji wa mpango ni hili: toa kiti ndani ya kuba. Mvalishe mwanafunzi fulana ya kuzuia risasi, kofia na mzigo wote, mkimbize mita 400 kabla hajaingia, na muweke kamanda wa kuigiza pembeni yake, anayemshika bega kila nusu dakika akiuliza kimechelewa nini. Gharama ya hayo ni ndogo mno ukilinganisha na projekta mpya.

Fundi Mitambo

Askari, hilo la redio nimelichukua. Kwa upande wa mitambo, masafa ya pili na ya tatu, kelele, na kukatika kwa sauti pale mlima unapoziba mawasiliano ni mambo yanayowezekana hata kwenye mitambo ya kawaida. Mara nyingi yamezimwa kwa sababu mkufunzi ni mmoja na hawezi kuwa rubani, kamanda na ofisa wa mizinga kwa wakati mmoja. Mwanzisha mada, ukiwa na fedha za kuchagua kati ya kuba kubwa zaidi na waigizaji wawili wa kudumu, mimi niliye fundi nakwambia uchukue waigizaji, mradi lile jaribio la taa na kihisi cha joto liwe limepita.

Rubani Mstaafu

Nimalizie na jambo moja dogo ambalo sijaliona likifundishwa vya kutosha: kusitisha. Neno la kusitisha shambulio hutamkwa mara tatu, na rubani akilisikia anaacha bila kuuliza sababu. Katika uwanja halisi wanafunzi hawalisemi karibu kamwe, kwa sababu zoezi limepangwa lifanikiwe na kila mtu anataka bomu lidondoke kabla muda wa uwanja haujaisha. Katika simuleta panga angalau shambulio moja kati ya manne lihitaji kusitishwa: gari la raia linaingia barabarani, askari wetu wanasogea kabla ya muda, au pua ya ndege inaelekea kijiji jirani. Usimpunguzie alama aliyesitisha bila sababu ya kutosha. Kaa naye, mwulize aliona nini, kisha mrudishe ndani siku hiyohiyo. Mwanafunzi wako aliyenyamaza mrudishie na yeye zoezi lake kwa sauti ngeni, bila kumwambia kwamba mnaanza, na mstari wa kwanza autamke hata kama imemchukua sekunde 14 kuupata.

Mwanzisha mada

Nimeandika rasimu. Kiti kinatoka, mkufunzi mmoja hataigiza rubani kwa mwanafunzi yuleyule siku mbili mfululizo, na jaribio la taa litafanywa kwenye mtambo tulionao kabla hatujazungumza na muuzaji yeyote. Mwanafunzi yule anarudi kwenye kuba Jumatatu, na sauti atakayoisikia ni ya mtu ambaye hajawahi kukutana naye.